Injini Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Msomaji mwenzangu uliye na Noah ya zamani, mimi na wewe hatuhitaji maneno mengi. Naisema ile ya mwanzo, SR40, iliyotoka viwandani Japani kati ya mwaka 1996 na 2001, yenye injini ya 3S-FE ya cc 1,998 ambayo haikai mbele chini ya boneti. Inakaa chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona, kwanza umwondoe aliyeikalia, na nyumbani kwetu kiti cha mbele kushoto kina mwenyewe. Mwenyewe ni mama mkwe.

Tunamwita Bi Hesabu, na jina analijua, kwa sababu tasbihi haimtoki mkononi na kila kinachopita mbele yake anakihesabu: vitumbua vilivyobaki chini ya kawa, wageni walioondoka bila kuaga, matuta ya barabarani kutoka Mapinga mpaka Bagamoyo mjini. Alihamia kwetu pamoja na baba mkwe, Nahodha, ambaye ujana wake wote ulipita kwenye majahazi ya Unguja, na ambaye hadi leo akipanda Noah anauliza kwanza upepo unatoka wapi. Mke wangu, Mama Rehema, ndiye Msajili wa Hazina. Ana kaunta buku la jalada gumu, na kila lita ya petroli inayoingia kwenye gari ina mstari wake humo. Mdogo wake, shemeji yangu, ni Mpiga Ngoma. Alisoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapahapa kwetu Bagamoyo, na anaamini hakuna ugonjwa wa injini usiosikika kwa mwenye masikio. Halafu watoto: Rehema wa darasa la sita, mwenye mwandiko mzuri kutushinda sote, na mapacha Hasani na Huseni, ambao spana ikikutoka mkononi wakiwa karibu, kaitafute kwenye banda la kuku.

Ugonjwa wa Noah haukugunduliwa na fundi. Uligunduliwa na kaunta buku.

"Baba Rehema," Msajili aliniuliza usiku mmoja, kidole kikiwa kimetulia kwenye ukurasa, "hili gari linakunywa na nani?"

Swali lilikuwa la haki. Kutoka kwetu mpaka Dar es Salaam ni kilomita kama 70. Njia ilikuwa ileile, foleni ya Tegeta ileile, abiria walewale, na bado petroli ilikuwa inakwisha kabla hatujamaliza mizunguko ya kawaida ya wiki. Nikajibu kwamba labda ni kiyoyozi. Akafunua kurasa za nyuma, akanionyesha miezi ya joto kali ambayo kiyoyozi kilifanya kazi mchana kutwa na mafuta hayakufika huko. Mume mwenzangu, unapooa mwanamke anayetunza kumbukumbu, jua kabisa kwamba hoja zako zote zitapimwa kwa maandishi.

Dalili nyingine zikafuata. Ukuta wa jirani, uliopakwa chokaa kwa ajili ya Idi, ukaanza kuwa mweusi usawa wa bomba la moshi. Kanzu za Nahodha zikanuka petroli. Na gari likawa na tabia ya ajabu: asubuhi, likiwa limepoa, linawaka kwa mpigo mmoja, likishapata moto, ukilizima dakika kumi tu, haliwaki mpaka ulibembeleze.

Siku iliyotuaibisha ilikuwa ya Kiwangwa. Tulikwenda kumwona shangazi yake Mama Rehema, na hakuna anayetoka Kiwangwa bila mananasi, ndiko yanakolimwa. Tukasimama kando ya barabara, nikazima gari, Bi Hesabu akashuka. Mama huyu hanunui nanasi bila kuligonga kwa kidole, kulinusa kitakoni, na kuligeuza kutafuta jicho bovu, na alikuwa na genge zima la kulipitia. Aliporidhika na kurudi kitini kwake, Noah ilikuwa moto na haitaki kuwaka. Selfu inazunguka vizuri, betri nzima, harufu ya petroli imejaa ndani. Mpiga Ngoma akalala sakafuni, sikio chini, akatangaza kwamba silinda ya tatu haipo kwenye mdundo. Nikakanyaga mafuta mpaka chini, nikaendelea kupiga selfu, ikawaka. Moshi mweusi uliotoka nyuma ulimfunika muuzaji na genge lake. Mama Rehema akateremka, akamwomba radhi, akamwongeza pesa ya kuoshea mananasi. Pesa hiyo aliiandika kwenye kaunta buku chini ya kichwa kinachosema NOAH, akapiga mstari chini yake.

Fundi wa kwanza kuiona, jina lake tuliache, alisikiliza maelezo yetu sote kwa subira, na wewe unajua familia yetu inavyoeleza. Akasema sensa ya joto imekufa. Alikuwa karibu na ukweli. Taabu ni kwamba Toyota nyingi za umri huu zina sensa mbili za joto la maji, zinazokaa jirani pale maji ya moto yanapotokea kwenye silinda hedi. Moja ina waya mmoja, na kazi yake ni kupeleka habari kwenye geji ya dashibodi, ule mshale tunaouangalia sisi. Ya pili ina waya mbili, inaongea na kontroboksi, kompyuta inayoiongoza injini, na habari zake hatuzioni popote. Fundi alibadilisha yenye waya mmoja. Geji, ambayo haikuwa na shida tangu mwanzo, ikaendelea kutokuwa na shida. Ukuta wa jirani ukaendelea kuwa mweusi.

Hapo ndipo Nahodha alipotoa amri kwamba gari lifunguliwe nyumbani, mbele ya macho ya wenye gari.

Kufungua injini ya Noah yetu ni sawasawa na kuhama nyumba. Kwanza kilitoka kikapu cha ukili, kisha mkeka wa Bi Hesabu wa kuswalia safarini, kopo la ubuyu, mwavuli, kandambili za mapacha za rangi mbalimbali zisizo na jozi, na furushi la dagaa ambalo kila mtu alidhani limeshaliwa. Bi Hesabu aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mkungu, akahesabu kila kitu kilivyokuwa kinatoka ili akihesabu tena kinaporudi. Ndipo kiti kikanyanyuliwa, mfuniko ukatolewa, na injini ikaonekana, imefunikwa vumbi la barabara ya Msata na, juu ya manifoldi, biskuti ya Huseni imekaukia hapo.

Injini ilikuwa imelala usiku kucha. Hilo nililisimamia kwa ukali, maana anayefungua njia ya maji ya injini iliyo moto anatafuta kuungua uso, na mapacha walikuwa wamening'inia mlangoni.

Rehema akapewa kazi ya kuchora ramani. Alichukua kurasa za mwisho za kaunta buku la mama yake bila kuomba, jambo lililozua kesi baadaye, akachora injini kwa kalamu ya risasi na kuandika kila kitu tulichokitambua. Sensa ya mkao wa mlango wa hewa, ubavuni mwa throto. Sensa ya oksijeni, kwenye bomba la moshi. Sensa ya kugonga, imefungwa kwenye bloku yenyewe ili isikie injini ikigonga. Na hizo mbili za joto: ya geji yenye waya mmoja, mpya inang'aa, na jirani yake ya waya mbili, imevaa soketi iliyobadilika rangi.

Toyota za miaka ya 1990 zina uungwana mmoja ambao magari mengi ya sasa hayana. Huhitaji kompyuta ya kuchomeka. Kuna kijisanduku cha plastiki chenye mfuniko, ndani yake matundu yenye majina yake. Unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Inaongea kwa namba. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji. Mbili kisha moja ni 21, sensa ya oksijeni. Nne kisha moja ni 41, sensa ya throto. Tano kisha mbili ni 52, ile ya kugonga. Rehema aliziandika zote pembeni ya ramani.

Na kwa kazi ya kuhesabu mipepeso, nani tena? Bi Hesabu alinyanyuka kutoka chini ya mkungu, akaketi kiti cha dereva kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaiweka tasbihi tayari. Nikaunganisha waya. Taa ikaanza. Mapacha wakanyamaza, na hilo peke yake lilistahili kuandikwa. Punje zikaanza kupita vidoleni mwake. Ikafika thelathini na tatu. Ikafika tisini na tisa.

"Mwanangu," aliniambia kwa upole, "hii haina kituo. Inakwenda tu."

Alikuwa amesoma sawasawa. Taa inayopepesa mfululizo, haraka haraka, bila mapumziko, maana yake kontroboksi haijaona kosa lolote. Mpiga Ngoma akasema basi gari ni zima. Nahodha akamwangalia mwanawe, akaangalia ukuta wa jirani, hakusema neno.

Hapa, ndugu msomaji, naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo watu wengi tunapoteza pesa. Sensa ya joto ni kipande kidogo cha shaba chenye kitu ndani kinachozuia umeme. Ikiwa baridi inazuia sana, ikipata moto inalegeza. Kwa Toyota hizi, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ukinzani wake ni kati ya omu 2,000 na 3,000; kwenye nyuzi 80 unashuka mpaka kati ya omu 200 na 400. Kontroboksi inasoma tofauti hiyo na kuamua petroli imwagwe kiasi gani. Ikiambiwa injini ina baridi, inaongeza petroli, kama Bi Hesabu anavyomrundikia mjukuu mablanketi kwa chafya moja. Waya ukikatika kabisa, kontroboksi inajua, inawasha taa na kuandika 22, kisha inajikadiria yenyewe kwamba injini iko nyuzi 80 ili gari lifike nyumbani. Lakini habari ya uongo inayofanana na ukweli inaiamini. Ikiambiwa kuna nyuzi 20, haina sababu ya kubisha. Kuna miji ina nyuzi 20. Haijui kwamba iko Bagamoyo.

Kwa hiyo ilibidi tupime. Mita ya kupimia umeme ninayo, na jiko tunalo, na hilo la pili ndilo lililoleta msiba.

Mpango ulikuwa rahisi. Sensa inafunguliwa kwa spana ya 19, tundu linazibwa kwa kitambaa, sensa inaoshwa kwa sabuni, inaning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji huku waya za mita zikiwa zimeshika vichwa vyake viwili juu, maji yanapashwa moto, namba zinaandikwa. Sisi tuliozaliwa usawa wa bahari tuna bahati yetu: maji yakichemka hapa ni nyuzi 100, huhitaji kipimajoto. Tukaanza na maji ya mtungini. Mita ikasoma omu 2,000 na kidogo. Maji yakaanza kutoa mvuke, namba zikateremka taratibu. Yakachemka: omu 190 hivi. Rehema akaandika yote. Sensa ilikuwa nzima. Nikatoka uani kumwambia Nahodha, na Nahodha, aliposikia kwamba kitu kizima kinatoa habari ya uongo, akakumbuka dira ya jahazi fulani na nanga iliyowekwa karibu yake, na hadithi ile haina njia ya mkato.

Tuliporudi jikoni nyumba nzima ilinukia iliki.

Bi Hesabu alikuta maji yanachemka, saa ni ya alasiri, na maji yanayochemka alasiri yana kazi moja tu tangu dunia iumbwe. Alikwisha tia majani, tangawizi, iliki na sukari ya watu wanane. Uzi aliuona, akaudhani ni wa kufungia mchaichai. Alikuwa ameshika chujio mkononi.

"Mama!" Mama Rehema alisema kwa sauti ambayo hamtolei mama yake hata siku moja. "Mama, tafadhali, usimimine!"

Sensa inakaa kwenye maji ya rejeta yaliyotiwa kulanti, na kulanti ina sumu ya kweli, tena tamu mdomoni, na inaua mbwa na paka wanaoilamba. Tulikuwa tumeiosha sensa, lakini huo si mchezo wa kubahatisha na watoto ndani. Chai yote ikamwagwa nyuma ya choo, mbali na kuku. Bi Hesabu hakulilia chai. Alililia sukari, kijiko kwa kijiko, kwa hesabu kamili. Sufuria, ile kubwa ya Msajili iliyotoka kwenye masanduku yake ya harusi, ikatangazwa kuwa si ya jikoni tena, ikaandikwa kwenye kaunta buku, chini ya NOAH. Nikaahidi nyingine. Nahodha, kwa mapenzi yake kwa mkewe, alikwenda dukani mwenyewe kununua kilo ya sukari na kuiweka mezani bila kusema chochote.

Basi sensa nzima, kontroboksi haina lawama, kilichobaki kati yao ni soketi na waya.

Soketi ilipogeuzwa juani tuliona wote. Ndani, pale vichuma viwili vinapokumbatia vichwa vya sensa, kulikuwa na unga wa kijani. Plastiki imekaushwa na miaka ya joto, mpira wa kuzuia maji umepasuka. Tukarudisha sensa mahali pake, soketi ikavishwa, na nikahitaji kitu chembamba cha kuingia nyuma ya soketi kando ya waya bila kuutoboa. Rehema akachomoa pini mbili kwenye ushungi wake. Pini moja nyuma ya soketi, ncha nyingine ya mita kwenye kichwa cha sensa chenyewe. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri, maana ni chuma kwa chuma. Ilisoma zaidi ya omu 2,000, na nilipoigusa soketi kwa kidole namba zikacheza.

Jumlisha mwenyewe. Injini imepata moto, nyuzi 80, sensa inasema 300 kwa uaminifu wote. Njiani kutu inaongeza 2,000 yake. Kontroboksi inapokea 2,300 na kuamini ni alfajiri ya Lushoto. Inamwaga petroli ya kuamshia injini, mchana kutwa, Tegeta, Bunju, Kerege, Zinga, na ukilizima gari likiwa moto na kuliwasha tena, inamwaga nyingine juu ya ile iliyokwishajaa. Taa haiwaki kwa sababu hakuna kilichokatika.

"Chumvi," alisema Nahodha.

Sijapata kumsikia akitaja neno kwa heshima namna ile. Alituhadithia akiwa amesimama, na mara hii hakuna aliyemkatiza. Katika majahazi, alisema, mbao haziogopi bahari, misumari ndiyo inayoogopa. Angalia Kaole: kuta za msikiti wa karne ya 13 bado zipo, za mawe ya matumbawe, lakini katafute kipande cha chuma cha zama hizo kama utakipata. Pale Nunge watu wanaanika maji ya bahari na kuvuna chumvi kwa majembe, na upepo unaopita juu ya majaruba yale ndio unaoingia kwenye mabati yetu, baiskeli zetu na soketi za Noah. Kaskazi ukivuma, asubuhi ukilamba kioo cha gari utaionja. Mapacha walikimbia kwenda kulamba kioo, wakarudi wamethibitisha.

Nilijaribu kuvisafisha vichwa vya sensa kwa msasa laini. Kimoja kilikuwa kimeliwa shingoni, kikakatika kabla sijakibana vizuri. Kwa hiyo sensa iliyofaulu mtihani wa maji ya moto ilikuwa ya kutupwa, na chumvi ndiyo iliyoimaliza. Tukawasha gari hivyohivyo, soketi inaning'inia. Taa ya injini ikawaka palepale, nikaunganisha tena ule waya wa TE1 na E1, Bi Hesabu akahesabu mbili na mbili kwa furaha ya mtu aliyepata kituo, na moshi mweusi ukakoma injini ilipopata moto, kwa sababu sasa kontroboksi ilikuwa imejikadiria nyuzi 80. Ushahidi kamili. Mwenye gari la namna hii analolishuku anaweza kuchomoa soketi ile na kutazama moshi, kabla hajanunua chochote.

Mpiga Ngoma akapelekwa Gerezani, Kariakoo, kwenye spea. Nilimpa sensa kuukuu mkononi, na kumwapisha: waya mbili, si moja; ulinganishe na nyuzi za skrubu; na soketi yake pamoja na mkia wa waya, hata kama ni ya kukatwa kwenye gari lililofumuliwa, mradi vichuma vyake ni vyeupe. Muuza spea aliipokea ile sensa, akainusa, akauliza ilikuwa inafanya kazi wapi. Shemeji yangu alimweleza kisa chote mbele ya foleni ya wateja, na anasema punguzo alilopata lilitokana na hadithi. Namwamini.

Kufunga kulikuwa kwepesi. Pete mpya ya shaba chini ya sensa, kaza kwa kiasi maana silinda hedi ni alumini na nyuzi zake hazisamehi. Waya za soketi mpya zikaungwa kwa risasi ya kuchomelea, kila kiungo mbali na mwenzake, kikavishwa mpira unaosinyaa kwa moto. Nahodha alitaka soketi ipakwe mafuta ya sifa, yale ya papa yanayopakwa majahazi, na alikuwa nayo kwenye chupa. Tulizungumza kwa adabu, ikapakwa grisi ya umeme. Rejeta ikajazwa kulanti, si maji ya kisima chetu ambayo yana chumvi yake, na hewa ikatolewa kwa kuacha injini ikinguruma mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, hita imefunguliwa, kwa sababu Noah ina mipira mirefu ya maji na hewa ikijificha humo geji itakutisha barabarani. Kisha kila kitu kilichotoka kikarudi, Bi Hesabu akihesabu. Dagaa hawakurudi. Kuku walikuwa wamewahi.

Gari likazimwa likiwa moto, likawashwa. Likawaka. Mpiga Ngoma akasema silinda ya tatu imerudi kwenye mdundo. Mistari ya petroli kwenye kaunta buku imerudi ilivyokuwa, na jirani amepaka ukuta wake chokaa upya, nusu ya gharama ikitoka kwetu.

Lakini mita sinayo tena. Mama Rehema anauza barafu za ubuyu, na friza lake lilikuwa linazimika na kuwaka lenyewe. Rehema akachomoa pini za ushungi, wakapima waya wa friza wawili hao, mama na binti, milango imefungwa, wakakuta kutu ileile ya kijani kwenye plagi ya ukutani. Wakabadilisha plagi, barafu zikaganda. Jioni nilikuta kaunta buku liko wazi mezani, na chini ya kichwa cha JIKO kuna mstari mpya kwa mwandiko mzuri wa binti yangu: mita ya umeme, moja. Siku hizi nikiitaka naiomba, na naambiwa niirudishe kabla ya magharibi.